Kudizaini shule inayofanana na watu wake, sio boksi lililopakwa urembo wa asili

Kuna kamchezo nakaona sana kwenye michoro ya shule za jamii za asili, yaani wenyeji wa tangu mwanzo wa eneo. Mtu anachora boksi lilelile la siku zote, korido katikati, madarasa kushoto na kulia, madawati yote yanaangalia ubao, alafu mwisho kabisa bajeti ikiwa imebaki vijisenti ndo anaitwa msanii achore ngao na wanyama ukuta wa mbele. Picha inapigwa, ripoti inaandikwa kwamba shule imezingatia utamaduni wa wenyeji. Ingia ndani sasa. Mtoto anakaa vilevile kama shule yoyote ile, mgeni hajui asalimie wapi, na bibi aliyeitwa kuja kuhadithia anatafutiwa kiti cha plastiki anawekwa pembeni ya ubao kama mtuhumiwa.

Mimi nasema hivi, utamaduni unaanzia kwenye ramani. Nani anaingia na anapitia wapi, watu wanakaaje wakifundishana, mlango unaangalia wapi, sauti inasikikaje, moto unawashwa wapi, nani mwenye funguo. Ukiyapata hayo hata usipochora kitu ukutani wenyewe watasema hapa ni kwetu. Usipoyapata, chora mpaka rangi iishe.

Kabla ya kushika penseli

Jua kwanza unaingia kwenye kidonda. Kwa jamii nyingi za asili jengo la shule lilikuwa ndo silaha yenyewe. Shule ya Carlisle kule Pennsylvania, Marekani, ilifunguliwa 1879 kwenye kambi ya zamani ya jeshi, watoto wa makabila ya asili wakapelekwa huko, wakanyolewa nywele, wakakatazwa lugha zao, ikafungwa 1918. Kanada nako zaidi ya watoto 150,000 walipitishwa kwenye shule za bweni za namna hiyo na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, yaani kuna watu waliosoma humo ambao leo ni wazazi na mabibi na mababu wa watoto unaowachorea wewe.

Hii sio historia ya kuwekea utangulizi tu, ina kazi kwenye ramani. Mabweni marefu yenye vitanda vimepangwa kama gwaride, korido ndefu ambayo mtu mmoja akisimama mwisho anaona kila mlango, geti moja na uzio mrefu, kengele ya chuma. Kuna wazee wakiona vitu hivyo mwili unasisimka, na hawatakwambia. Kwaiyo swali langu la kwanza siku hizi sio mnataka nini, nauliza nini hamtaki kukiona tena. Majibu ya swali hilo yanakuja haraka na yanakuwa ya kweli zaidi.

Na haki ipo kwenye karatasi. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili la 2007, kifungu cha 14, linasema watu wa asili wana haki ya kuanzisha na kuendesha mifumo yao ya elimu, kwa lugha zao na kwa namna inayoendana na njia zao za kufundisha na kujifunza. Kuendesha, sio kushirikishwa. Ukiweza weka kwenye mkataba wa kazi kwamba kamati ya wenyeji ina uwezo wa kuukataa mchoro, maana kamati isiyoweza kukataa ni ya kunywa soda tu.

Mfano mzuri ni wa zamani, Warisata kule Bolivia. Shule ilianza 1931, Avelino Siñani wa kabila la Waaymara na mwalimu Elizardo Pérez, jamii yenyewe ikafyatua tofali ikajenga, na maamuzi yalikuwa yanapitia baraza la wanajamii waliloliita Parlamento Amauta. Haikudumu na wenye mashamba makubwa hawakuipenda hata kidogo, ila mwaka 2010 Bolivia ilipotunga sheria mpya ya elimu iliipa majina ya hao wawili.

Namna ya kusikiliza (hapa ndo wengi tunafeli)

Usiitishe mkutano mmoja mkubwa ukarudi mjini. Mkutano mkubwa wanaongea watu walewale watatu. Kaa na wazee peke yao, kina mama peke yao, vijana peke yao, na watoto, watoto msiwasahau, waambie wakuoneshe mahali wanapopenda kukaa na mahali wanapoogopa. Kuna jamii mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya wanaume na kinyume chake, ukilazimisha wote chumba kimoja utapata majibu ya adabu. Lipa watu muda wao. Injinia analipwa kuja kuangalia udongo, mzee anayejua maji yalipita wapi mafuriko ya mwisho naye ni mtaalamu, sasa kwa nini yeye apewe asante tu.

Na usiulize "utamaduni wenu ni upi". Swali hilo hata wewe usingelijibu. Uliza vitu vidogo: mgeni akija anasimama wapi kwanza? Nani anaanza kuongea? Mtoto anajifunza kusuka au kuchonga akiwa amekaa mbele ya anayemfundisha, pembeni yake au nyuma yake? Viatu vinavuliwa? Nani hapaswi kupita mbele ya nani? Ni msimu gani watu wanakuwa hawapo? Kila jibu hapo ni mstari kwenye ramani.

Niliwahi kuumbuka mimi. Nilikuta mti mkubwa kwenye kiwanja, kivuli kizuri, nikachora darasa la nje chini yake, nikauleta mchoro mbele ya wazee nikiwa najiamini kabisa. Wakaangalia, wakanyamaza, mmoja akasema ni mchoro mzuri. Nikaondoka nafurahi. Baadae mama mmoja akanivuta pembeni akaniambia mwanangu, pale watoto hawakai. Hakunipa sababu na sikuiomba. Nilikuwa nimehesabu kunyamaza kwao kama kukubali, kumbe ndo ilikuwa jibu lenyewe. Tangu hapo nikionesha mchoro naleta miwili au mitatu na nawaachia wiki, tena bila mimi kuwepo.

Hata wakubwa imewatokea. Hassan Fathy, msanifu wa Misri mwenye heshima zake zote, miaka ya 1940 alijenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor kwa tofali za udongo, na shule ndani yake, akatumia kuba na matao ya ufundi wa Wanubi, watu wa kusini zaidi. Majengo mazuri mno. Ila watu wa Gourna hawakuwa Wanubi, na kwao kuba ilikuwa inawakumbusha makaburi, pia riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi ya kale walikokuwa wanaondolewa, kwaiyo wengi wakagoma kuhamia. Kitu cha asili cha jirani ni cha jirani. Usichukue umbo la kabila moja ukalipeleka kwa lingine kisa yote ni ya asili.

Mlangoni

Anza kuchora kwenye kuingia, maana hapo heshima inaonekana au inakosekana. Wamaori wa Nyuzilandi wana somo zuri hapa. Nyumba yao ya mikutano, wharenui, ni mwili wa babu: boriti ya juu ya paa ni uti wa mgongo, mapau ni mbavu, mbao mbili za mbele zinazoshuka kutoka kwenye kilele ni mikono imefunguliwa. Mbele yake kuna uwanja, marae ātea, mgeni anakaribishwa hapo kwanza kwa wito na hotuba ndo asogee ndani. Shule zao za kura kaupapa Māori, ya kwanza 1985 pale Hoani Waititi jijini Auckland baada ya chekechea za kohanga reo kuanza 1982, zinafundisha kila kitu kwa Kimaori, na ukidizaini shule ya namna hii huwezi kuweka maegesho ya magari kwenye huo uwanja, huwezi kuweka choo kikaangaliana na mahali pa chakula, na nyumba ya kula inakaa jengo lake. Ona hapo hakuna rangi wala kinyago tumekitaja bado, na tayari nusu ya ramani imeshajichora.

Kwaiyo kwa jamii yoyote, pima: kundi la wageni wangapi linapokelewa kwa kawaida, wanasimama au wanakaa, inachukua dakika ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Alafu upe nafasi hiyo upana wa kweli na kivuli cha kweli. Sio kakibaraza ka mita moja na nusu.

Duara, na hesabu zake

Jamii nyingi zinafundishana kwa kukaa duara, na kila msanifu akisikia hivyo anakimbilia kuchora chumba cha duara. Subiri kidogo. Piga hesabu kwanza. Watoto 30 wakikaa chini kila mmoja anataka kama sentimita 60, hiyo ni mzunguko wa mita 18, kipenyo chake mita 5.7 hivi. Ongeza nafasi ya miili yao na njia ndogo ya kupita nyuma unafika kama mita 8. Sasa chumba cha mraba cha mita 8 kwa 8 ni mita za mraba 64, na darasa la kawaida la mita 7 kwa 9 ni 63. Umeona? Eneo ni lilelile, hela ya sakafu ni ileile, umebadilisha umbo kidogo tu na kuondoa madawati yaliyofungwa na bolti. Mtu akikwambia duara ni gharama mwoneshe hizo namba.

Chumba cha duara chenyewe kina shida yake ambayo watu wanaigundua wakati wameshapaka rangi: mwangwi. Ukuta mgumu uliopinda unakusanya sauti sehemu moja kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga, unakuta mtoto mmoja anasikia mnong'ono wa mwenzake wa ng'ambo huku mwingine haelewi mwalimu anachosema. Na kwa shule inayofundisha lugha iliyokuwa inapotea, na inayotegemea kusimulia, kusikia ndo kila kitu, kuna lugha tofauti ya maneno mawili ni toni tu au pumzi tu. Kiwango cha Marekani cha madarasa, ANSI S12.60, kwa darasa la ukubwa wa kawaida kinataka mwangwi usizidi sekunde 0.6 na kelele ya chinichini isizidi desibeli 35. Huna kifaa? Simama katikati piga kofi moja, ukisikia mkia wa sauti unazunguka jua kuna kazi. Dawa: ukuta uwe na pembe nyingi badala ya kupinda laini, weka rafu, mikeka iliyotundikwa, dari ya mbao au mianzi yenye matundu. Na bati tupu bila dari kwenye mvua, hapo hata usihangaike na kipaza sauti, hakuna somo.

Mlango unaangalia wapi

Kwa Wadiné (Wanavajo), watu wa asili wa Marekani, mlango wa nyumba yao, hogan, unaangalia mashariki. Chuo chao, Diné College, kilianzishwa 1968 na ni cha kwanza Marekani kuanzishwa na kabila lenyewe, na kule Tsaile, jimbo la Arizona, kampasi imepangwa kufuata mpangilio wa hogan, jengo lake maarufu la vioo lina pande nane. Sasa kama jamii yako nayo ina mwelekeo wake, usitegemee mshale wa kaskazini ulioko kwenye ramani ya mpimaji ukamaliza. Uliza mashariki gani, ya mahali jua linapochomoza siku fulani au mashariki kamili, maana kwenye latitudo ya kule Tsaile sehemu ya kuchomoza jua inahama kama digrii 30 kwenda kaskazini na nyingine 30 kwenda kusini ndani ya mwaka. Amka alfajiri, nenda na mzee saiti, pigeni kigingi pamoja. Ni kazi ya asubuhi moja na ndo mkutano mzuri kuliko yote utakayofanya.

Moto na moshi wanaisahau wote. Jamii kadhaa za Kanada wanachoma mimea mikavu kabla ya shughuli, moshi unatumika kujisafisha, na shule ikiwa haijaandaliwa king'ora cha moto kinalia, watoto wanatoka nje mbio, kesho yake mkuu anapiga marufuku. Ongea na watu wa zimamoto mapema, tenga chumba chenye feni yake ya kutolea moshi na kihisi cha moshi ambacho hakiwashi king'ora cha jengo zima bila kuthibitishwa kwanza. Rahisi ukiwa kwenye mchoro, balaa ukiwa umeshajenga.

Udongo, mianzi, bati

Vifaa vya asili nimeviweka hapa chini makusudi kwa sababu watu wanaanzia hapa wakati sio pa kuanzia. Na usije ukadhani jamii itakushangilia. Msanifu Francis Kéré alipoenda kujenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, watu walimshangaa, umeenda kusoma Ujerumani alafu unaturudishia udongo ambao mvua inaubomoa? Alichofanya ni kuutengeneza udongo upya, tofali zikachanganywa saruji kidogo na kushindiliwa, alafu bati likainuliwa juu likaachana na dari ya tofali yenye matundu, hewa moto inatoka katikati hapo. Kijiji kizima kilifanya kazi, shule ikaisha 2001, ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan 2004, na mwenyewe akapata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani, 2022, Mwafrika wa kwanza. Somo la fundi hapo ni kwamba hakuuabudu udongo, aliurekebisha ulipokuwa dhaifu.

Rudrapur, Bangladesh, wasanifu Anna Heringer na Eike Roswag 2005 walifanya vilevile: watu walikuwa wanajenga kwa udongo bila msingi wala kinga ya unyevu, wao wakaongeza msingi wa tofali na tabaka la kuzuia maji, majani makavu ndani ya udongo, juu ghorofa ya mianzi. Nyuma ya madarasa ya chini kuna vipango (mapango madogo) laini vya udongo watoto wanaingia kujikunja, kusoma au kunyamaza tu. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuiga kwenye shule ile ningesema vile vipango.

Kwa ufupi wa saiti: msingi upande juu ya ardhi sentimita 40 hivi, paa litokeze vya kutosha, na ukuta wa udongo mbichi usiupige plasta ya saruji, inapasuka, maji yanaingia nyuma yake hayatoki, ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Tumia plasta ya udongo au chokaa. Watu wataleta hoja ya matunzo, kwamba udongo unataka kupakwa tena na tena. Kweli. Ila Djenné, Mali, mji unatoka kila mwaka kuupaka msikiti mkuu udongo mpya na imekuwa sikukuu, na ile miti iliyotokeza ukutani ambayo watalii wanaona ni urembo ndo ngazi za mafundi. Kama jamii yako ina tabia ya kufanya kazi pamoja, panga matunzo yaingie kwenye kalenda ya shule, na weka vya kupandia tangu mwanzo. Kama haina, au vijana wote wamehama, usiwabebeshe, jenga kitu kisichowasumbua.

Alama na michoro

Tumefika kwenye kupaka rangi, hatimaye. Hapa kanuni yangu ni fupi: usitumie alama yoyote bila kujua ni ya nani. Kuna michoro ni ya ukoo mmoja, mingine haionwi na watoto, mingine haikanyagwi na wewe umeiweka kwenye vigae vya sakafu. Kifungu cha 31 cha lile tamko kinawapa wenyewe haki ya kuumiliki na kuulinda urithi wao, kwaiyo mlipe msanii wa pale, andika jina lake, kubalianeni kwa maandishi kama mchoro unaweza kwenda kwenye fulana na kalenda au unabaki ukutani tu. Na alama yenyewe usiichukue mtandaoni.

Majina ya vyumba yawe ya lugha yao kwanza na kwa maandishi makubwa, hiyo haina gharama kabisa. Kule nje panda miti na mimea wanayoitumia, iwe na njia ya kuizungukia darasa zima.

Shule ikiwa na makabila matatu manne ndo kichwa kinauma. Usichukue la wengi ukawapa wengine kona, na usichanganye yote ukatengeneza kitu kisicho cha mtu. Mimi natafuta shughuli wanayofanana, mara nyingi ni kukaribisha na kusimulia, nafasi kubwa inajengwa kwa hiyo, alafu kila jamii inapewa sehemu yake ya kuiendesha yenyewe bila kuingiliwa.

Na kama tayari kuna jengo la boksi na hela ya kubomoa haipo, usikate tamaa, fungua mlango upande wanaoutaka, toa madawati ya darasa moja, weka mikeka na rafu, tengeneza mahali pa wazee pa kukaa pakiwa na kivuli, maji na choo karibu, chenye njia ya mteremko badala ya ngazi maana magoti yao ndo hayo. Ukifanya hayo tu wazee wataanza kuja, na wakija wao shule inabadilika yenyewe.

Vijana wakisema wanataka intaneti na maabara, wape. Hakuna aliyesema mwenye asili yake hatakiwi kompyuta.

Rudi baada ya mwaka mmoja, kaa kimya siku nzima uangalie. Watoto wanakaa wapi mapumziko, chumba gani kimegeuka stoo, njia gani wamejitengenezea kwenye nyasi kukwepa ile uliyoichora wewe. Yaandike, rekebisha inayowezekana. Na unapoondoka kalibu za kufyatulia tofali waachie, michoro pia waachie, kopi mbili, moja ya karatasi maana faili la kwenye kompyuta litapotea na yule aliyelitunza, siku wakitaka kuongeza darasa wasilazimike kukupigia wewe simu.